Siku moja maishani mwangu: fomu 13 ndani ya mkoba wa dagaa

Saa 10:20 alfajiri

Bodaboda ananishusha getini Mwaloni, soko la samaki la Kirumba hapa Mwanza, bado giza. Maboti ya visiwani yameshafunga kamba, makuli wanapanda na kushuka kwenye ubao na magunia kichwani, na usipowapisha watakusukuma. Hapa ndipo ninapokuwa kila siku isipokuwa Jumapili, huu mwaka wa 19. Nanunua dagaa wa visiwani, nawauzia wanaosafirisha kwenda mikoani na wachache wanaotoka Kongo na Burundi.

Kazi yangu ya pili haina mshahara. Mimi ni katibu wa chama ngazi ya kata, kata moja ya ufukweni upande wa Ilemela. Leo ni siku ya tatu tangu uchaguzi mdogo wa madiwani. Wilaya yetu ilikuwa na kata tatu za kugombea, zote tumezikosa, pamoja na ya kwetu ambayo kiti kilikuwa chetu. Jina la chama silitaji, wala la mtu yeyote. Wanaotufahamu watatutambua.

Ndani ya mkoba wangu, chini ya daftari la mauzo, kuna bahasha ya kaki niliyoifunga kwa nailoni isipate majimaji. Humo mna nakala 13 za fomu ya matokeo ya udiwani, ile tunayoiita 21C. Vituo vyetu vilikuwa 14. Tangu usiku ule wa kuhesabu, bahasha hii haijakaa mbali nami.

Natumbukiza mkono kwenye gunia la kwanza mpaka karibu na kwapa. Dagaa wa juu huwa hawakuambii kitu, kila muuzaji anajua kuwapanga. Nawavuta wa chini kabisa, navunja mmoja. Aliyekaukia chanjani anakatika kwa mlio na vidole vinabaki safi. Aliyeanikwa chini anakuachia mchanga kwenye kucha. Aliyenyeshewa ameshageuka rangi, harufu imebadilika, huyo anakwenda kwenye chakula cha kuku na bei yake inajulikana. Hawa ni wa chanja. Naandika alama yangu kwenye gunia kwa makapeni na kumwita kuli.

"Mwangaluka, mayu."

Ni salamu ya asubuhi ya Kisukuma, kutoka kwa mzee mmoja mwenye mitumbwi, nafanya naye biashara tangu nikiwa na mtaji wa magunia mawili.

"Mwangaluka, bhabha."

"Pole na uchaguzi."

"Asante, tumeshapoa. Ninyi mlipiga?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo lisiloulizwa. "Tupige saa ngapi, mayu? Siku ile si lilikuwa giza? Kambi nzima ilikuwa majini."

Kwa asiyekaa ufukweni inabidi nieleze. Dagaa anavuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za betri na sola, lakini mambo ni yaleyale: mwezi ukiwa mkubwa, dagaa hawakusanyiki kwenye taa, kwa hiyo wavuvi wanapumzika na wengi wanarudi nyumbani kuona watoto. Mwezi ukishafifia, hilo ndilo giza, na giza ndiyo pesa. Mvuvi haachi giza. Vijana wengi wa kambi zile wamejiandikisha kwenye daftari la wapiga kura huku kwetu, kwa sababu huku ndiko zilipo familia zao, na kura hupigi popote ulipo, unapiga kwenye kituo ulichojiandikishia. Tarehe ilipotangazwa, yeyote mwenye kalenda angeweza kuhesabu siku na kuona kwamba inaangukia katikati ya giza.

Mimi nauza dagaa. Kalenda ya giza naijua kuliko ya sikukuu. Nilikaa kwenye vikao vyote vya maandalizi na sikunyanyua mkono hata mara moja kusema: jamani, siku ile vijana wetu hawatakuwepo. Hili nimelibeba tangu juzi.

Saa 1:00 asubuhi

Chai, chapati mbili, michembe kidogo niliyotoka nayo nyumbani. Magunia sita yameuzwa. Simu inalia, ni katibu wa wilaya: mwenyekiti anaongea na waandishi saa tatu, makatibu wa kata wote wafike.

"Fomu nije nazo?"

"Njoo nazo tu, mama, ila sijui kama ataziulizia."

Saa 3:15 asubuhi

Ofisi ya wilaya ni chumba kimoja na varanda, juu ya duka la vipuri. Waandishi wamefika wanne, redio mbili na vijana wawili wa mitandaoni wenye simu kwenye vijiti. Mwenyekiti amevaa shati la chama lililopigwa pasi vizuri. Ni mtu ninayemheshimu, na nalisema hili kwa dhati. Amewahi kulala mahabusu kwa ajili ya chama wakati wengine tulikuwa vitandani mwetu. Ndiyo maana yaliyofuata yaliniuma.

Alisoma kwenye karatasi moja aliyoikunja mara nne. Akaanza na mvua. Akaenda kwa wasimamizi wa uchaguzi. Akaenda kwenye pesa za wenzetu, jinsi zilivyomwagwa usiku wa kuamkia kura. Mpaka hapo nilikuwa naandika, maana baadhi ya hayo yapo. Hujuma kwenye chaguzi zetu si hadithi, na sitaki mtu anisome kana kwamba nasema kila kitu kilikuwa safi. Mawakala wetu wawili, yaani watu wa kutulindia kura kituoni, walicheleweshwa kuingia asubuhi, na wote wawili wameandika maelezo kwa mkono wao.

Kisha akaikunja karatasi, akasema yasiyoandikwa: "Na lazima tuwe wakweli. Tumeangushwa na mawakala wetu wenyewe. Wamenunuliwa. Wameuza kura za wananchi kwa sahani ya pilau."

Kalamu yangu ilisimama. Mawakala wa kata yangu ndio mimi niliyewatafuta, mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba. Nilikuwa nao siku walipokula kiapo cha kutunza siri. Majina yao yote 14 nayajua pamoja na ya watoto wao.

Mwandishi mmoja, binti mdogo wa redio, akauliza swali zuri kuliko yote ya siku ile: "Mheshimiwa, mmekusanya fomu ngapi za matokeo kutoka vituoni, na zinatofautianaje na yaliyotangazwa?"

"Hayo ni mambo ya kitaalamu, yanafanyiwa kazi," alijibu. Akaongeza kwamba hata Kenya mwaka 2017 watu walidhani yamekwisha na mahakama ikafuta matokeo.

Ni kweli ilifuta. Tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilibatilisha uchaguzi wa rais uliofanyika tarehe 8 Agosti. Lakini waliokwenda mahakamani hawakwenda na neno "tumehujumiwa" peke yake. Hoja nzito mle ndani zilihusu fomu 34A za vituoni na namna matokeo yalivyosafirishwa kutoka kule chini hadi kituo kikuu. Miaka mitano baadaye, mwaka 2022, mahakama hiyohiyo ikalikataa ombi la namna hiyo, kwa kuwa ushahidi haukuishawishi. Kwa hiyo mfano wa Kenya ukiutaja, umejifunga kuleta fomu. Zangu zilikuwa pale, hatua tatu kutoka kwake, na hakugeuka.

Saa 6:00 mchana

Nimerudi Mwaloni. Redio ya muuza chai inarudia taarifa ya habari, na sauti ya mwenyekiti inasikika mpaka kwenye mizani: wameuza kura kwa sahani ya pilau. Kuli mmoja ananitania, wenzake wanamnyamazisha. Nauza gunia moja kwa bei ambayo siku nyingine nisingeikubali, kwa sababu akili haipo.

Saa 7:40 mchana

Binti anakuja akiwa na mtoto mgongoni. Alikuwa wakala wetu kwenye kituo kimoja cha shule ya msingi. Kazi yake ni kusuka nywele nyumbani kwao. Ananishika mkono bila kuongea, nami navuta ndoo iliyopinduliwa akae.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Hakujibu hilo. "Mama, baba mkwe amesikia redio. Ameniuliza mbele ya watu, hiyo pilau uliila wapi?"

Nataka nieleze siku ya huyu binti ilivyokuwa, kwa sababu redioni haitasemwa.

Alifika kituoni saa 12 asubuhi, kituo kinafunguliwa saa 1. Aliangalia sanduku likionyeshwa kuwa ni tupu na akaandika namba za lakiri kwenye karatasi, kama nilivyowafundisha. Mtoto alibaki kwa mama yake, akawa analetwa dirishani kunyonya, mara tatu. Chakula tuliwaahidi mawakala wote: chai ya asubuhi na wali wa mchana. Gari la chakula lilikwenda kata nyingine, kwetu halikufika mpaka jioni, na kilichofika ni maji. Saa 10 jioni kituo kilifungwa, waliokuwa kwenye foleni wakamaliza, kuhesabu kukaanza. Taa ya kituoni ilikuwa hafifu, wakasaidiana kwa tochi za simu. Karatasi mbili zilibishaniwa, alama imepita kwenye mstari. Alibishana, moja ikahesabiwa kwetu, nyingine ikakataliwa, na aliandika sababu. Akasaini. Nakala moja ikabandikwa mlangoni, yake akaikunja na kuiweka kifuani, akatembea usiku ule mpaka kwangu, akagonga dirisha saa nne na nusu na kusema, "Mama, fomu hii hapa, ila tumeshindwa."

Posho tuliyomwahidi hajalipwa mpaka leo.

Nilitoa bahasha, nikafungua nailoni, nikamwonyesha fomu yake. Ina alama ya jasho kwenye mkunjo, wino umesambaa kidogo karibu na sahihi, lakini kila tarakimu inasomeka. Waliojiandikisha. Waliopiga. Kura halali. Kura zilizokataliwa. Halafu nikamwonyesha karatasi ya majumuisho ya kata niliyoinakili: tarakimu za kituo chake zimeingia vilevile zilivyo, hakuna iliyoongezwa wala kupunguzwa. Nilifanya hivyo kwa fomu zote 13 usiku wa kwanza. Zote zinalingana. Ya 14 sikuipata kwa sababu wakala wetu hakuwepo kituoni hapo. Mtu wetu aliyekuwa ameapishwa aliumwa, na tulishindwa kumwandaa wa akiba. Kosa hilo ni letu.

"Kwa hiyo hatukuuza," alisema.

"Hamkuuza. Mlihesabu."

Alilia. Mtoto naye akaamka akalia. Kuli aliyenitania saa sita alikuja na chai ya maziwa na andazi bila kuambiwa na mtu, akaviweka karibu na mguu wake, akaondoka.

Tulipotulia nikamwonyesha kitu kingine, ambacho kwangu ndicho chenye jibu la kwa nini tumeshindwa. Kwenye vituo vitatu vya chini kabisa, vile vya watu wa ziwani, ndiko tulikuwa tunazoa kura miaka yote. Safari hii wenzetu hawakupata kura nyingi kuliko kawaida yao. Ni sisi tuliopungua. Waliofika kwenye vituo hivyo hawakufikia hata theluthi ya waliojiandikisha. Na mvua? Ilinyesha saa nane mchana, ikawanyeshea wapiga kura wa pande zote.

Kuna jingine, nalisema kwa kifupi kwa sababu lina uchungu. Kwenye kura za maoni wanachama walimchagua mtu mmoja, fundi wa mitumbwi, mtu wa watu. Jina lake likakatwa wilayani, tukaletewa mgombea mwingine ambaye hata njia ya kwenda mwaloni tulimwonyesha sisi. Huyo fundi hakutupinga. Alikaa nyumbani tu, na jamaa zake wakakaa naye.

Saa 10:10 jioni

Kamati ya wilaya. Tuko tisa. Niliomba nafasi nikiwa wa mwisho, nikapanga fomu juu ya meza, mstari mmoja, kuanzia kituo cha kwanza.

"Mheshimiwa mwenyekiti, kwa heshima zote. Ushahidi wa kata yangu huu hapa. Kama mawakala waliuza, naomba unionyeshe ni kwenye fomu ipi."

Aliangalia ya kwanza, akaiinua, akairudisha. "Mama katibu, wewe ni mama yetu, kazi yako tunaijua. Lakini siasa ina lugha yake. Nikitoka kule nikasema sisi ndio tuliokosea, nani atatuamini tena?"

"Waliokuwa vituoni watatuamini. Uchaguzi ujao nitapata wapi mawakala? Nani atakubali kushinda njaa kutwa nzima ili jioni aitwe mwizi redioni?"

Ukimya. Mzee mmoja wa kamati, mwalimu mstaafu, akakohoa na kuomba kusema. Alitukumbusha mwaka 2010, wakati nchi nzima watu zaidi ya milioni 20 walikuwa kwenye daftari na waliofika kupiga hawakufika milioni 9. Mwaka huohuo majimbo ya Nyamagana na Ilemela, yote mawili, yalikwenda CHADEMA. Mwaka 2015 wapiga kura waliofika vituoni walizidi milioni 15, na majimbo yote mawili yakarudi CCM. "Kura za Mwanza hazina mwenyewe," alisema. "Zinahama. Wanaokaa nyumbani nao wanaamua. Katibu huyu anatuambia nani walikaa nyumbani na kwa nini, sisi tunamjibu habari za pilau."

Walibishana kwa saa nzima. Mmoja alisema tukikiri, wenzetu watatucheka. Mwingine alitaka twende mahakamani kwa kata zote tatu, na nilipomuuliza fomu za hizo kata mbili ziko wapi, ikaonekana mojawapo ina fomu nne tu, nyingine haina hata moja. Makatibu wake wanasema mawakala bado wanashikilia nakala zao mpaka walipwe posho. Hata kama kweli tuliibiwa kule, na inawezekana, hatuna cha kumwonyesha hakimu, kwa sababu ya posho. Nilimtazama mwenyekiti wakati hilo linasemwa. Alivua miwani, akafuta macho, akaivaa. Naamini liliingia.

Nilichopata ni hiki: muhtasari umeandika kwamba mawakala wa kata yetu walitimiza wajibu wao na fomu zao zinalingana na majumuisho, na kwamba posho zote zilipwe kabla ya mwisho wa mwezi. Nilichokosa ni neno lake mwenyewe redioni. Niliomba arudi kwenye redio ileile, saa ileile, aseme samahani kwa mawakala. Alisema tukalitafakari kwanza. Niliomba maneno hayo yaandikwe pia, kwamba nimeomba, na katibu wa wilaya akayaandika.

Kwenye ngazi, wakati nashuka, mwenyekiti alinifuata. Hakuwa na sauti ya asubuhi.

"Mama, ile habari ya giza, kwa nini hukuniambia mapema?"

"Nilipaswa kukwambia, baba. Sikukwambia. Naomba unisamehe."

Alitikisa kichwa. Nilisubiri aseme na la kwake. Alinipa mkono tu, akarudi juu.

Saa 1:30 usiku

Daladala imejaa, nimesimama mpaka Pasiansi. Nyumbani wameshapika ugali na dagaa wa nazi. Mwanangu wa mwisho ananiuliza kama kweli nimegombana na mwenyekiti. Namwambia tumeongea. Nikatoa noti kwenye pesa ya magunia ya leo, nikahesabu posho ya yule binti, nikaiweka pembeni. Chama kitanirudishia au hakitanirudishia, yeye alishafanya kazi.

Saa 3:00 usiku

Kutoka uani kwangu ziwa linaonekana kati ya mawe mawili makubwa. Giza bado halijaisha, na taa za wavuvi zimeshatawanyika kule mbali, nyingi, mtu mgeni angedhani kuna mji ng'ambo. Kwenye kila mtumbwi kuna vijana wanne au watano, na baadhi yao majina yao yapo kwenye ukuta wa shule yetu ya msingi, kwenye orodha ya wapiga kura ambayo bado haijabanduliwa.

Nampigia yule mzee wa mitumbwi. Namuuliza kwenye kambi yake wako wangapi waliojiandikisha kwetu. Anasema hajui, hakuna aliyewahi kumuuliza. Namuuliza mbalamwezi ijayo inaanza lini kambini kwao. Hilo analijua papo hapo.

Nimefungua daftari jipya. Ukurasa wa kwanza nimeandika jina la kisiwa, chini yake jina la kambi, kisha mistari mitupu ya majina. Boti la Jumamosi linaondoka saa mbili asubuhi. Nafasi nimeshalipia mbili, yangu na ya yule binti, na nahodha amekubali mtoto apande bure.